Samaki Hawakuhama: Kisa cha Jiwe Moja katika Ghuba ya Tanga

Jumamosi moja ya Novemba mwaka jana tulitia nanga juu ya jiwe letu saa kumi na moja alfajiri. Yalikuwa maji mafu, bahari imetulia, maji ndiyo kwanza yanaanza kujaa. Tulikuwa watu watatu: mimi, nahodha mwenye ngalawa, na mwanawe wa mwisho aliyeshika usukani. Chambo kilikuwa ngisi wabichi. Tulikaa mpaka jua likaanza kutuchoma shingo, na tulichopata ni changu wanne. Mkubwa wao alikuwa na sentimita 21.

Nahodha alivuta nanga kimya. Tulipokaribia pwani ya Sahare ndipo akatoa neno ambalo nimelisikia kwa wavuvi wengi wa Tanga: "Wamehama, Mwalimu."

Sikumjibu siku ile. Nilirudi nyumbani, nikatoa madaftari yangu yote kabatini, nikakaa nayo wiki tatu. Ninachoandika hapa ndicho nilichokiona mle, pamoja na mambo niliyoyaona kwa macho yangu pwani. Ni kisa cha jiwe moja tu, lakini nadhani wengi wanaovua kati ya Moa na Kigombe watalitambua jiwe lao humu.

Kwanza mjue mimi ni nani katika jambo hili. Mimi si mvuvi. Nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu, na bahari kwangu ilikuwa ya Jumamosi, pengine na Jumapili wakati wa likizo. Navua kwa mshipi wa mkono, chubwi moja, ndoana mbili. Nikipata nashukuru, nikikosa mke wangu anapika maharage. Nahodha alinionyesha jiwe hilo mwaka 1995, nilipokuwa mwalimu kijana. Mnara wa taa wa kisiwa cha Ulenge ni alama moja ya kulipatia. Alama ya pili sitaiandika. Ni mwamba mdogo, pima sita au saba maji yakijaa, umezungukwa na mchanga, na upande wa pwani mchanga unaingia kwenye majani ya bahari. Mpaka huo wa mchanga na majani ndio mahali pa changu. Usiku na alfajiri hutoka kutafuta kaa, konokono na kombe, na mshipi ukishuka pale chini, mtu mwenye mkono mwepesi anamhisi anavyodonoa.

Mwaka 1996 nilianza kuandika. Ni tabia ya kazi, sikuwa na nia nyingine. Nilichukua daftari la mraba la shule na ubao wa mvule ambao fundi alinikatia, nikauchora kwa kisu mstari kila sentimita tano. Kila samaki analazwa juu ya ubao, pua kwenye kigingi, nami naandika tarehe, maji, upepo, chambo, saa tulizokaa, idadi, mrefu kupita wote na mfupi kupita wote. Mke wangu amekuwa akiutumia ubao huo huo kukatia vitunguu, kwa hiyo mistari imefutika mara mbili na mara mbili nimeichora upya.

Nilipoyafungua madaftari nilikuwa natafuta mwaka ambao samaki walipungua. Sikuuona. Kwa miaka mingi ndoo ilirudi na changu kumi, kumi na wawili, wakati mwingine kumi na watano. Mtu anayetazama safu ya idadi peke yake angeapa kwamba jiwe lilikuwa zima mpaka juzi. Safu ya urefu ndiyo iliyonitoa jasho. Miaka ya mwanzo changu wa sentimita 35 hakuwa habari. Februari 1997 nimeandika wa 36 na sikumwekea hata alama. Walio chini ya 20 tuliwakata chambo. Kufikia 2008 mkubwa wa siku alikuwa 30 akizidi sana. Miaka mitano iliyopita 25 alitufanya tupige kelele ngalawani.

Hapa hesabu ina maneno yake. Samaki akirefuka, ananenepa na kuongezeka kina pia, kwa hiyo uzito hupanda kwa mchemraba wa urefu. Changu wa sentimita 36 ana nyama ya karibu changu watano wa sentimita 21. Ndoo yenye samaki kumi mwaka 1997 na ndoo yenye samaki kumi mwaka 2020 si ndoo moja hata kidogo. Na mayai hufuata mwili: jike mkubwa hubeba mayai mengi kuliko kundi la majike wadogo waliopevuka jana. Tulipoondoa wakubwa tuliondoa wazazi, na ndoo haikutuambia.

Kitu kingine kilichotuficha ukweli ni ujuzi wetu wenyewe. Saa mbili za jiweni zikawa tatu, zikawa tano. Mshipi mnene ukawa mwembamba. Kila samaki walipopungua tulivumbua chambo kipya, tukaongeza jiwe la pili na la tatu njiani. Na ndoana! Dukani namba ikipanda ndoana inapungua, na katika madaftari yangu nimeanza na namba 7, nikahamia 9, leo navulia namba 12. Sikumbuki siku niliyokaa nikaamua kwamba sasa navua samaki wadogo. Nilikuwa nabadilisha ndoana tu, kama mtu anavyobadilisha viatu.

Kijana mmoja wa kundi letu la Jumamosi, mwenye miaka 24, alipata changu wa sentimita 22 mwaka jana akafurahi mno. Nilimtazama nikajua kwamba hana kosa. Kwake huyo ndiye changu mkubwa. Mwaka 1995 mtaalamu wa samaki Daniel Pauly aliandika juu ya hali hii kwa watafiti wenzake: kila kizazi huchukua bahari waliyoikuta walipoanza kazi kuwa ndiyo bahari kamili, na hasara hupimwa kuanzia hapo, kumbe iliyopotea kabla yao haihesabiwi tena. Nimeliona hilo katika ngalawa moja, kati ya mtu na mtu.

Sasa turudi kwenye neno la nahodha. Je, wamehama?

Kuna samaki wanaohama: nguru, jodari, vibua, hao wana misimu na safari zao. Changu wa mwambani si msafiri wa namna hiyo. Ana jiwe lake, ana majani yake, na maisha yake ya utu uzima huyamaliza karibu na hapo. Hata kama wangehama, wangefika mahali. Nimewauliza watu wa Kigombe, nimewauliza wa Moa, na kila mmoja ananiambia wamehama kwake wamekwenda kwa wenzake. Tena kumbukeni silikanti. Samaki yule ambaye dunia ilidhani ametoweka mpaka akaonekana Afrika Kusini mwaka 1938, hapa kwetu alianza kunaswa mmoja baada ya mwingine kwenye nyavu za jarife mwaka 2004 na 2005, na ndiyo asili ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga iliyotangazwa 2009. Tulifurahi kwa jina na kwa wageni. Lakini silikanti anakaa kwenye kina kirefu, kwenye mapango ya miteremko. Majarife yaliteremshwa mpaka huko. Mtu hashushi wavu gizani ikiwa juu kuna cha kuvua.

Halafu uvuvi wa baruti. Hili nalizungumza kwa uchungu. Wasiokulia Tanga hawajui ule mlio: unakuwa umekaa barazani unakunywa chai, unasikia mshindo mzito unapita chini ya miguu kabla haujafika masikioni, na watoto hawageuzi hata shingo kwa jinsi walivyozoea. Sheria ilikataza tangu 1970, ikarudia kukataza 2003. Mlipuko hupasua kibofu cha hewa cha samaki, na wengi wao hawaelei, huzama. Anayelipua huokota sehemu tu ya alichoua. Pale soko la Deep Sea mama zetu walikuwa wakimbonyeza samaki kwa kidole gumba mgongoni kabla ya kulipa. Wa baruti anabonyea kama ndizi iliyoiva, na ukimpasua uti wa mgongo umeachana na nyama, damu imevilia. Wengine walimwacha. Wengine walimnunua kwa bei ya chini, kwa sababu nyumbani kuna watu.

Jiwe letu lilipigwa mwaka 2006. Nilizama na miwani wiki iliyofuata nikaona upande wa mashariki umekuwa kifusi, matumbawe yamevunjika kama vigae, na kila wimbi linavisukuma vipande huku na huku. Matumbawe machanga hayashiki juu ya kitu kinachotembea, ndiyo maana kidonda cha baruti hakifungi upesi. Mradi wa hifadhi ya pwani ulioanza hapa Tanga mwaka 1994 ulikuwa umepunguza milipuko kwa doria na kwa vijiji kufunga baadhi ya miamba. Baadaye ikarudi kwa nguvu. Na kuanzia 2016 hivi, vyombo vya dola vilipoingia kwa pamoja, tukaanza kupitisha wiki nzima, kisha mwezi mzima, bila mshindo.

Basi mwaka jana nilimpeleka yule kijana azame, mimi magoti hayakubali tena. Alirudi juu akasema kifusi kimeshikana, kuna matumbawe mapya ya ukubwa wa sahani, kuna vitatange, kuna vikande. Upande uliopigwa unapona. Kama baruti ingekuwa ndiyo kisa chote, changu naye angeanza kurudi, hata wa sentimita 25, hata 28. Harudi. Kwa hiyo baruti ina hatia yake, tena kubwa, lakini haielezi Jumamosi ile ya Novemba.

Joto la bahari nalo nimelifikiria. Mwaka 1998 matumbawe yalipauka ukanda wote huu, na 2016 tena. Lakini changu anakula mchangani na kwenye majani, hategemei tumbawe hai kama kitatange anavyolitegemea. Matope ya mto Sigi na Mkulumuzi wakati wa masika hayafiki jiweni petu. Nayaacha hayo.

Nililazimika kuacha kutazama jiwe na kutazama majani.

Changu haanzi maisha yake mwambani. Akiwa mdogo kama kidole anakaa kwenye majani ya bahari, maji ya kiunoni, pamoja na tasi wadogo na chaa, kwa sababu pale kuna chakula na pa kujificha. Akikua ndipo anateremka. Desemba, bamvua, maji yamekupwa saa nne asubuhi, nilishuka pwani nikasimama kutazama kokoro likivutwa. Watu kumi na wawili, sita kila kamba, wanarudi kinyumenyume kwa wimbo. Mguu wa wavu unalima chini, unaleta majani na mizizi yake, na ndani ya majani samaki wanametameta. Nikamwomba mama mmoja aniruhusu nihesabu fungu alilonunua. Aliliweka kwenye sinia, tukawatenga pamoja. Changu peke yao walikuwa 43. Nilimlaza mmoja kwenye kiganja, akaishia kwenye fundo la kidole cha kati. Wote 43 kwa pamoja hawakufika uzito wa yule changu mmoja wa Februari 1997.

Nilimuuliza mama yule kama anajua ni watoto wa changu. Akanitazama kwa upole, akasema, "Najua, baba. Hawa ndio ninaowaweza."

Kokoro limekatazwa, kila mtu pwani analijua hilo, na linavutwa. Jiwe letu linapungukiwa na wakubwa kwa sababu wadogo hawateremki. Wanaishia kwenye sinia mita mia tatu kutoka kwenye majani walimokulia.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa raha kwangu, kwa sababu kokoro si langu. Lakini katika madaftari kuna kurasa tatu ambazo nilizisoma nikafunga, nikafungua tena.

Januari 2013, wakati wa kaskazi, siku za mwezi mpevu, tuligundua kwamba tasi wanakusanyika upande mmoja wa jiwe. Tasi ana desturi hiyo: hutoka mawe ya mbali akakutana na wenzake mahali pamoja kuzaa, siku chache, kisha hutawanyika. Nahodha alituambia tuwaache. Alisema baba yake aliwaita tasi hao wageni wa mwezi na hakuwa akiwatega siku zile. Sisi tukaenda bila yeye, kwa boti ya kuazima, watu sita wenye mishahara. Tonge la mkate kwenye ndoana ndogo. Lilikuwa halifiki chini. Usiku tatu mfululizo. Sanduku la barafu lilijaa, tukajaza ndoo, tukajaza mfuko wa sandarusi.

Asubuhi ya tatu mke wangu aliniita jikoni. Alikuwa amepasua kama ishirini na mayai ameyaweka pembeni kwenye bakuli la ugali, bakuli limejaa, yamelegea yana rangi ya hudhurungi, yananing'inia ukingoni. "Mbona wote wana mayai?" akauliza. Nikamwambia ni msimu wao. Hakusema zaidi. Mchana tuligawa samaki kwa majirani nyumba nane kwa sababu friji haikuwa na nafasi.

Mwaka uliofuata tulirudi tarehe zile zile tukapata ndoo mbili. Mwaka 2016 tukapata tasi saba. Baada ya hapo sijaandika tasi wa mwezi mpevu tena, ingawa nimekwenda kuwatafuta mara nne.

Hakuna aliyetuona. Samaki wa mvuvi hushukia diko, huhesabiwa, hupimwa, hulipiwa ushuru, na doria ikitaka kumkamata mtu inajua pa kumpata. Samaki wa mtu wa Jumamosi anapanda kwenye buti la gari. Hatumo kwenye takwimu za mtu yeyote. Na tofauti yetu na yule mama wa sinia ni kwamba sisi hatukuwa na njaa. Ndiyo maana sikubali tena kukaa na wenzangu tukawalaani watu wa kokoro huku tumeshika chupa za soda.

Nilimpelekea nahodha haya yote, tukakaa kahawani baada ya alasiri. Nilimsomea urefu, mwaka kwa mwaka. Alisikiliza mpaka mwisho, akamega kashata, akasema: "Unadhani mimi sijui, Mwalimu? Nimezaliwa hapa."

"Mbona ulisema wamehama?"

"Ulimwona aliyeshika usukani?"

Nilikuwa nimemwona. Sikuwa nimefikiri. Mwanawe huyo, Jumatatu mpaka Ijumaa, anavuta kokoro. Ana watoto wawili, na ngalawa ya baba yake haiwezi kulisha nyumba mbili kwa samaki waliobaki.

"Nikisema wamemalizwa," nahodha akasema, "nimemtaja yeye mbele yako. Wewe ukirudi mtupu unakula maharage. Yeye akirudi mtupu, nani anakula?"

Sikuwa na jibu la kumpa mzee yule, na hesabu zangu hazikunisaidia. Najua la kufanya kwa upande wa bahari: majani ya pale pwani yafungwe, hata kipande, hata kwa miaka mitatu, na kijiji kiyalinde chenyewe. Kufunga mwamba wa pweza miezi mitatu kumezoeleka sehemu kadhaa za pwani yetu na Pemba, na watu wanakubali kwa sababu pweza anakua haraka, ukifungua unavuna. Changu anataka miaka. Miaka hiyo anayevuta kamba atakula nini, hilo ndilo swali, na mtu asiyelijibu asiende kumwambia aache kamba.

Lakini kuna watu wanaoweza kuanza bila kulala njaa, nao ni sisi. Mwezi wa kwanza mwaka huu niliwaita wenzangu watano nikawasomea zile kurasa tatu. Tulikubaliana mambo machache: changu chini ya sentimita 25 anarudi majini, mtu mmoja samaki watano, basi, tasi wakati wa mwezi mpevu haguswi, na ndoana inabanwa kichomo kwa koleo ili itoke bila kuchana mdomo. Kwenye pima sita au saba samaki kwa kawaida hadhuriki sana kwa kupandishwa, ukimshika kwa mkono uliolowa na kumwachia upesi mara nyingi anaondoka mzima. Mmoja wetu alikataa, akasema hawezi kwenda baharini kurudisha samaki wakati wengine wanakomba. Hatuvui naye tena, na nasikitika, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkono mwepesi kuliko sote. Ninaandika pia kila samaki anayerudishwa, na nakala naipeleka kwa viongozi wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za bahari pale pwani, waitumie watakavyo.

Jumamosi moja ya Machi tulikwenda tena na nahodha na mwanawe. Saa nne za kukaa, changu sita. Wanne nilikuwa nimekwisha kuwarudisha mimi. Mwana wa nahodha akavuta wa mwisho, akamlaza mwenyewe kwenye ubao kabla sijasema kitu, pua kwenye kigingi. Ishirini na nne. Alimshika muda, vidole vimembana nyuma ya mashavu, samaki anapiga mkia kwenye paja lake.

"Huyu ni elfu mbili, Mwalimu," akasema.

Baba yake alikuwa anatazama upande wa Ulenge. Kijana akainama, akautia mkono majini mpaka kwenye kiwiko, akafungua vidole.